Siku Bati Langu Lilipoezuliwa

Mimi niliitwa muflisi mbele za watu, kwa mbiu, mchana kweupe, na ningali hai. Nalitanguliza hilo kwa sababu wako watu hapa Morogoro wanaonong'ona wakiniona napita na fimbo yangu, wakidhani nimesahau au naficha. Sijasahau. Na cha kuficha sina. Kusoma nilijifunza ukubwani, na mwalimu wangu alikufa hatujamaliza, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa atafute kwingine.

Wakati ule Mdachi, yaani Mjerumani, ndiye aliyeshika nchi. Mizigo ilikwenda bara mabegani mwa watu, nami ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilianza kwa kubeba mwenyewe. Bega langu la kushoto mpaka leo limelala kuliko la kulia. Kisha nikawa mnyapara, kisha nikawa na safari zangu. Nilichukua mali kauli kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na soko. Maana yake ananipa majora ya nguo na magunia ya chumvi bila fedha, navipeleka Kilosa na mbele mpaka Ugogo, nauza, narudi na nta na ngozi, tunamalizana. Kauli ni neno tu. Mtu mwenye kauli nzuri alikuwa tajiri hata kama kibindoni hana hela.

Nami kauli yangu ilikuwa nzuri. Nikaoa Bigwa, kijiji cha chini ya mlima.

Asiyetujua Waluguru ajue hili, maana bila hili hataelewa kitu. Kwetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo hupitia kwa mama. Mwanamume hulima kwa mama yake au kwa mkewe, na mke akimchoka, huondoka na jembe lake begani. Hana udongo wa kusema huu ni wangu. Basi mimi, kwa kuwa sikuwa na la kujivunia chini, nikajivunia juu. Juu ya kiwanja cha ukoo wa mke wangu nilijenga nyumba ya pembe nne nikaiezeka bati. Si nyasi, bati. Jua likiwaka, watu walioshuka mlimani na ndizi zao waliliona linamulika kabla hawajaiona Bigwa yenyewe. Walisema yule bwana kaweka kioo juu ya nyumba ili Mungu ajitazame. Nilipenda waliposema hivyo. Sikatai.

Halafu reli ikafika. Watu walipiga vigelegele, nami nikaenda kutazama. Nikaona mzigo ambao mimi ningeuita safari nzima unashushwa kutoka behewa moja tu, na nyuma yake yapo mabehewa mengine. Mwenye akili angeacha siku ile. Mimi nikapiga hesabu ya kipagazi: reli bado haijavuka kwenda Kilosa, basi nitangulie mimi, nipeleke safari moja kubwa kuliko zote kabla chuma hakijafika. Mhindi akanipa kauli ambayo hajawahi kumpa mtu. Hata yeye alinitazama mara mbili wakati majora yanatolewa.

Tulifika mbuga ya Mkata mvua ikatukuta. Mbuga ile ikijaa maji haina njia. Tukakaa kwenye kichuguu tukingoja, huku chumvi inayeyuka ndani ya magunia na kutiririka miguuni mwetu kama jasho. Kisha wapagazi wakasikia kwamba kule mbele wajenzi wa reli wanalipa kila jumamosi. Walikuwa wakiondoka wawiliwawili, wanaaga kwenda kuchota maji. Waliobaki walikuwa wachache, pamoja na kirangozi wangu, yule anayetangulia mbele ya safari, Mnyamwezi, mtani wangu. Alikaa juu ya gunia tupu akaniambia, "Mluguru, umeitia chumvi Mkata yote. Sasa tafuta mboga."

Nikarudi na nguo zilizooza na deni.

Siku zile mdaiwa aliyeshtakiwa bomani akashindwa hakuachwa hivi hivi. Niliwaona kwa macho yangu watu wazima wamefungwa mnyororo shingoni wakivunja kokoto barabarani, na wengine makosa yao yalikuwa madogo kuliko yangu. Mhindi alikuja nyumbani mwenyewe. Hakupiga kelele. Alikaa kibarazani, akanywa maji, akasema na yeye ana watu wanaomdai pwani, na wao hawajui Mkata ni nini. Akasema atangoja mpaka mwezi uandame, kisha ataingia bomani. Alipoondoka aliinua macho akalitazama bati muda mrefu, nami nikajua amelipima.

Baada yake akashuka mjomba.

Mjomba wangu, kaka wa mama yangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu, na aliishi juu mlimani. Alipofika tulimpa kigoda na shikamoo, dada yangu akamletea uji. Alivuta ugoro kwanza. Kisha akasema dawa imepatikana. Kuna tajiri ng'ambo ya mlima ambaye atalipa deni langu lote, la Mhindi na la wapagazi, mpaka hela ya mwisho. Badala yake binti wa dada yangu atakwenda kukaa kwake, alime, atwange, mpaka siku nitakapomrudishia fedha yake. Mdachi amekataza mambo hayo, alisema, lakini Mdachi hahesabu wasichana kule juu.

Binti mwenyewe alikuwa nje anapepeta mpunga. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuwekwa ndani kama wasichana wetu wanavyowekwa wakivunja ungo. Alikuwa anasikia kila neno, ungo haukusimama.

Ni lazima niseme kwa nini shauri lile lilikuwa mikononi mwangu. Kwetu baba mzazi hana neno juu ya mtoto. Mwenye neno ni mjomba. Mjomba wa msichana yule nilikuwa mimi, na yule mzee alikuwa juu yetu sote. Yeye amekwisha kubali. Kilichobaki ni mimi kutikisa kichwa tu.

Mjomba alituliza watu. Alisema, "Hauzwi. Anakaa tu, kama jembe uliloazima kwa jirani."

Dada yangu alikuwa ameshika sufuria ya uji. Akaiweka chini taratibu.

"Basi kakae wewe, mjomba," akasema. "Kulima hulimi, na uji wa tajiri utakuwa mtamu kuliko wangu."

Mzee akacheka, akadhani ni maneno ya mwanamke aliyechoka. Dada yangu hakucheka. Akanigeukia mimi: "Mimi nilizaa mtoto. Sikuzaa rehani."

Mjomba alisema watu wa tajiri watashuka ijumaa baada ya swala, na alipoinuka alinishika bega lile lililolala, akanikumbusha kwamba jina la ukoo limeezekwa bati, lisianguke.

Sasa wako watakaosema mtu mzima gani anayefikiri juu ya jambo kama lile, jibu si lipo wazi? Haya, mseme hivyo mkiwa mmeshiba. Mimi nilifikiri. Nilitembea kutoka Bigwa mpaka mtoni na kurudi, nikifikiri. Njia zilikuwepo. Ningeweza kutoroka, kama wengi, niingie Ugogo nibadili jina. Lakini hapo mjomba angemtoa binti bila hata kuniuliza, maana nisipokuwapo neno linarudi kwake. Ningeweza kukopa kwa mwingine nimlipe huyu, na huko ni kuhamisha moto kutoka paa moja kwenda paa jingine. Na ile ya mjomba, nasema kweli, ilikuwa na utamu wake. Ningebaki na bati. Ningebaki na kauli. Msimu ukikaa vizuri ningemkomboa msichana, na watu wasingejua.

Lakini tulikuwa na bibi mmoja katika ukoo, dada wa bibi mzaa mama. Mwaka wa njaa aliwekwa rehani kwa vikapu vya mtama. Njaa ikaisha, mtama ukarudishwa. Yeye hakurudi, walisema ameshazaa huko, na waliozaliwa lazima nao wakombolewe. Kwa hesabu yetu sisi, watoto wa mwanamke yule ndio ukoo wetu hasa, kuliko hata wangu mimi niliowazaa. Wako kule mpaka leo wanaitwa watumwa wa fulani. Mama yangu alikuwa akiitaja habari ile kila anapopima mtama, na mimi nilikuwa mdogo nikidhani ni hadithi ya mtama.

Nikaenda kwa liwali.

Liwali, hakimu aliyewekwa na Mdachi kuamua kesi zetu, alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na subira kidogo. Nilimwamkia, nikamwambia nataka kuitwa muflisi. Aliniuliza kama najua ninachoomba, au nimesikia neno tu. Nikamwambia nimesikia neno tu. Hapo akaniheshimu kidogo, nadhani, maana alinikalisha.

Alinieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. Muflisi ni mtu ambaye mali yake haifikii madeni yake. Akikiri hivyo mbele ya hakimu, mali yake yote inachukuliwa, inauzwa, na wanaomdai wanagawana kila mtu kwa kadiri ya deni lake. Wanamwachia nguo ya mwilini, mkeka wa kulalia, jembe, na chakula cha watoto cha siku kidogo. Kuanzia hapo hakuna ruhusa ya kumfunga wala kumsumbua, wala ya kuchukua kitu kingine kwa ajili ya deni lile, maana mwenye dhiki hupewa muhula.

Nikamwuliza, basi deni limekufa?

"Halifi," akasema. "Linalala. Siku ukipata, litaamka."

Akasema mengine mawili ambayo yalinitia baridi. La kwanza, nitatangazwa kwa mbiu, na mtu yeyote atakayenipa mali kauli baada ya hapo asije kulia kwake. Hilo lilikuwa ni kunikata ulimi. La pili, nitaapa juu ya msahafu kwamba sikuficha kitu. Kikionekana hata kimoja nilichokificha, umuflisi umevunjika, mnyororo uko pale pale, na wanaonidai watafute haki yao popote wanapoipata. Hakuwa anajua habari za binti. Mimi niliposikia neno hilo popote, nilisikia ungo ukipepeta.

Alinipangia shauri alhamisi. Ijumaa nimeshaitaja.

Nyumbani nikawakuta mashemeji zangu wamekaa kibarazani, kaka zake mke wangu, nyuso kunjufu. Walikuwa wamesikia. Wakasema hakuna haja ya kuumia. Kiwanja ni cha ukoo wao, Bigwa nzima inajua. Nikiulizwa, niseme na bati ni lao, na wao watasimama washuhudie. Nani atabisha? Kwa Mluguru kilichosimama juu ya ardhi ya mwanamke ni cha mwanamke. Mhindi atapata vyungu na mbuzi, nyumba itabaki inang'aa. Walisema kwa upendo. Na tena, kwa desturi, haukuwa uongo mkubwa. Ndio uliokuwa ubaya wake.

Walipoondoka nikamwuliza mke wangu anasemaje. Yeye ni mtu wa maneno machache na mengi ya hayo ni makali. Alikuwa anachambua mchicha, akamaliza fungu zima kabla ya kunijibu.

"Leo watakuwa wamekuokoa," akasema. "Kesho watakuwa wamekupangisha."

Kisha akaongeza kwamba yeye hakuolewa na bati, ingawa kelele zake wakati wa mvua alikuwa amezizoea.

Alhamisi ile bomani palijaa. Watu wanapenda kutazama mwenye bati akianguka, hata mimi ningekwenda. Liwali alikaa mezani, Mdachi kando yake na kofia magotini, askari mlangoni. Mhindi alisimama upande mmoja. Upande mwingine wapagazi wangu, mtani akiwa mbele yao amefunga kitambaa cheupe kichwani kama mtu wa matangani. Nyuma yangu mashemeji. Mjomba hakuja. Ilimtosha kungoja ijumaa.

Nikasema haja yangu. Mhindi akaipinga palepale. Alisema amefanya biashara na mimi miaka, ananipenda, lakini mtu anayelala chini ya bati si muflisi, na kama anataka kuwa muflisi kwa sababu bati limekuwa la mtu mwingine tangu juzi, basi liwali aniulize vizuri. Mjanja yule. Alijua maneno ya mashemeji kabla hayajatoka vinywani mwao.

Msahafu ukaletwa. Nikatawadha, nikaweka mkono. Nikaapa kwamba sikuficha nguo wala mbuzi wala fedha. Liwali akauliza bati ni la nani.

Nyuma yangu shemeji mkubwa akakohoa, kikohozi cha mtu anayejiandaa kusimama. Mkono wangu ulikuwa ungali juu ya msahafu. Niliyaona mambo mawili kwa pamoja. Nikisema ni lao, huenda ikapita, nikarudi nyumbani mwenye bati. Na huenda Mhindi akaleta mtu mmoja tu aliyeyabeba mabati yale kutoka pwani, na mtu huyo alikuwa amesimama pale na kitambaa cheupe kichwani, kwa kuwa mtani wangu ndiye aliyeyabeba. Naye alikuwa ananitazama bila kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila kucheka.

"Ni langu," nikasema. "Udongo ni wao. Bati ni langu."

Shemeji alimeza kikohozi chake. Mdachi akauliza kitu, liwali akamweleza, Mdachi akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mnyama asiyemjua. Hukumu ikatoka. Mbiu ikapigwa pale sokoni, jina langu na la baba yangu na neno lile baada yake, na mpiga mbiu alikuwa mtu niliyewahi kumpa kanzu ya Idi. Alilitamka vizuri sana.

Ijumaa asubuhi askari wa liwali alikuja na mafundi kuezua. Nilidhani nitaingia ndani nisitazame. Sikupata nafasi, kwa sababu mtani alikuwa amefika kabla yao na kujilaza kizingitini akilia kwa sauti ya kike. Tajiri amekufa, alilia, tajiri wa Bigwa amekufa jamani, hata sanda hana, Mhindi kaipeleka dukani. Akadai ubani. Akajipaka majivu. Akawaambia mafundi wasikanyage kwa nguvu, maiti bado ya moto. Watu waliokuja kunicheka wakajikuta wanamcheka yeye. Kwetu mtani ndiye anayefanya matani msibani, na msiba wenye mtani huwa unabebeka. Ilipofika saa ya kugawana, alichukua fungu lake lote la mshahara, hakusamehe hata hela moja, na juu yake akabeba jogoo ambaye liwali alikuwa amewaachia wanangu. Nilimwacha. Ni haki yake.

Mafundi walikuwa juu wawili, na chini hapakuwa na wa kupokea. Binti wa dada yangu akaja bila kuitwa, akanyanyua mikono, akapokea bati la kwanza. Akalilaza kwenye majani. Akarudi kupokea la pili.

Tulikuwa hapo, nusu ya paa iko wazi, wakati mjomba alipotokea njiani na watu wa tajiri. Walikuwa wametoka kuswali, wamevaa vizuri. Mmoja alikuwa na kanga mpya imekunjwa mkononi, ya kumfunika msichana. Wakamwona askari na bunduki yake amekaa kibarazani anakula hindi la kuchoma. Wakasimama. Askari akawauliza wana haja gani hapa, maana mali ya nyumba hii iko chini ya liwali na haiguswi.

Mwenye kanga akamtazama mjomba. Mjomba akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye jua ndani ya sebule yangu mwenyewe.

"Mpwa wangu," akasema, "bado hujachelewa. Sema neno."

Nikamwambia neno nimelisema jana, na limekwisha kupigiwa mbiu.

Wageni wakaomba maji. Dada yangu akawapa, kwenye kata, kwa adabu zote, akasimama akingoja kata yake irudi. Walipokwisha kunywa waliaga wakaenda. Mjomba alipanda mlima bila kuaga mtu.

Mvua ilitukuta chini ya nyasi mbichi, na nyasi mbichi huvuja. Mke wangu alipanga vyungu chini, hakunilaumu. Nilirudi kubeba, bega lile lile, safari hii kabichi na maharage ya wakulima wa mlimani, kupeleka stesheni kwa watu wa reli. Nilifanya kwa fedha mkononi, maana nani angenipa kauli. Deni lililolala niliamka nalo kila asubuhi. Nilimpelekea Mhindi kidogokidogo mpaka likaisha, na Mdachi alikuwa bado yupo. Siku ya mwisho Mhindi alinikaribisha chai, akauliza kama nataka majora mawili kauli, kwa siri. Nikamwambia nashukuru, nitalipa taslimu.

Watu huniuliza, wenye madeni yao, kama waende wakajifilisi. Sina jibu la kila mtu. Ambaye bado ana cha kuuza auze mwenyewe kwanza, asingoje askari. Ukiuza mwenyewe bei ni yako. Mwenye kutaka kuficha asiende kabisa. Na kabla ya hapo mtu aangalie deni lake linanyoosha mkono kumshika nani. Langu mimi nililiona limemshika nani.

Nyumba ninayokaa leo ni ya nyasi, kwa kupenda kwangu.

Mjomba alikufa mzee sana, juu kule. Hatukuwa tumezungumza tangu ijumaa ile. Alipozikwa, walioshika majembe kuchimba kaburi lake walikuwa wana wa msichana yule, maana ndio waliokuwa vijana wa ukoo. Walichimba vizuri. Nilisimama pembeni nikitazama.